Muulize Sista: Vidonge, vikao, na ruhusa ya kurudi mlimani

*Sista ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili, mkazi wa Moshi. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi yameondolewa.*

Mdogo wangu anataka mshauri, hataki dawa

Sista, shikamoo. Mimi ni dada mkubwa, naishi Sakina, Arusha. Mdogo wangu ana miaka 34, kazi yake ni kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro. Alianza kama mgumu, akabeba mizigo ya watu miaka kadhaa, sasa ni mwongozaji mwenye leseni. Mwaka huu masika yalipoanza na kazi ikakata, alijifungia chumbani. Haogi, hali, simu hapokei. Kituo cha afya walisema ni sonona, wakampa amitriptilini. Baada ya wiki kama tatu tukashangilia: kaamka, anacheka, anaimba, kanisani akatoa ushuhuda. Lakini usiku halali hata saa mbili. Akamkopea jirani pikipiki, akaahidi kuezeka kanisa lote, akawa anawapigia wateja wake wa Ujerumani saa nane usiku. Tulipomzuia akawa mkali. Kisha akaanguka tena, vibaya kuliko mwanzo.

Sasa hospitali ya rufaa wamesema ni baipola, ugonjwa wa kupanda juu na kuanguka chini. Wamemwandikia lithiamu na wamempangia vikao vya mazungumzo. Yeye anasema vidonge vitamfanya zezeta, anataka mshauri peke yake. Shemeji yangu anasema vikao ni mambo ya wazungu, ameze dawa basi. Mama anasema vyote viachwe, tuombe. Tufuate lipi? Na je, ataruhusiwa kurudi mlimani? Maana ndiyo kazi anayoijua.

*Dada wa Sakina*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta jambo moja tu: kama aliwahi kupanda juu, yaani kuchangamka kupita kiasi hivyo, kabla ya hizo amitriptilini. Nimelikuta nyuma ya karatasi, umeliandika kwa wino mwingine: kwamba mwaka 2019, kwenye harusi ya binamu yenu, aligawa tipu zake zote za msimu na akakaa siku nne bila kulala. Hilo ulilolikumbuka mwisho ndilo lililotakiwa kuulizwa mwanzo.

Mtu akija kliniki kainamisha kichwa, hali, sauti haitoki, huwezi kujua kwa macho kama ni sonona ya kawaida au ni upande wa chini wa baipola. Kinachotenganisha ni historia. Na mgonjwa mwenyewe hatakwambia, kwa sababu siku zile za juu hakujiona mgonjwa. Alijiona mzima kuliko ninyi wote. Ndiyo maana siku zote nilitaka ndugu mmoja aingie naye chumbani, tena ndugu mbishi, si yule wa kuitikia "ndiyo daktari". Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola inaweza kumrusha juu, na hizi za zamani za jamii ya amitriptilini zina tabia hiyo kuliko zile mpya. Kwa hiyo wanaosema nyumbani kwamba dawa zimemharibu wana sehemu ya ukweli. Alipewa dawa ya ugonjwa mmoja naye ana mwingine. Ila wasitoke hapo wakaruka mpaka kwenye "dawa zote ni sumu". Kama bado ana vile vidonge vya amitriptilini kabatini, virudishwe kwa daktari. Vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua moyo, na mtu aliye chini hapaswi kulala navyo chumba kimoja.

Nikija kwenye lithiamu, nitakusimulia habari ya mgonjwa ambaye wanafunzi wangu wa uuguzi hawakuwahi kuisahau. Mwaka 1948 daktari wa Australia, John Cade, alimpa lithiamu mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa amekaa wodini miaka mitano akiwa juu, hatulii, hakuna aliyetarajia atoke. Ndani ya miezi michache alirudi nyumbani, akarudi na kazini. Cade akaichapisha habari hiyo mwaka 1949. Lakini yule bwana alipojiona mzima akaacha dawa, akarudishwa wodini. Akaanzishiwa upya, na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya lithiamu hiyohiyo, maana enzi zile hapakuwa na utaratibu wa kupima kiasi kilichomo kwenye damu. Mtu mmoja, na ndani yake kuna kila kitu utakachotakiwa kukijua: inafanya kazi, ukiiacha kwa sababu umepona ugonjwa unarudi, na ukiimeza bila kupima inaweza kukuua.

Leo kipimo kipo. Damu inachukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: kama alimeza saa tatu usiku, afike maabara saa tatu asubuhi, na kidonge cha asubuhi, kama anacho, akimeze baada ya sindano, si kabla. Kwa wagonjwa wengi daktari anataka kuona kiwango kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita ya damu, kikivuka 1.5 hilo si jambo la kusubiri kesho. Mwanzoni hupimwa karibu kila wiki mpaka kitulie, halafu kila baada ya miezi kadhaa, pamoja na figo na tezi ya shingoni. Mikono kutetemeka kidogo, kiu, kukojoa sana: hayo ni ya kawaida, mwambieni daktari kwenye miadi. Mikono ikitetemeka mpaka kikombe kinamwagika, akatapika, akahara, akapepesuka, ulimi ukawa mzito: acheni dozi inayofuata na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kuwa zezeta. Anayetembea mtaani amepooza uso na mate yanamtoka mara nyingi ni mtu aliyezidishiwa dawa nyingine kabisa, zile za kutuliza haraka, na hazikupunguzwa baada ya vurugu kuisha. Lithiamu kwa kiwango sahihi haimfanyi mtu hivyo. Wengine wanalalamika kwamba mawazo yamepungua kasi, kwamba ule moto wameukosa, na mimi sibishani nao. Ni kweli wameukosa. Akisema hivyo, amwambie daktari aangalie dozi. Asiikate mwenyewe. Kuikata ghafla kunauita ugonjwa upesi, na ninaogopa zaidi kwa sababu lithiamu ni miongoni mwa dawa chache zinazojulikana kupunguza watu kujiua. Na hapo nikuulize jambo, mwanangu: umewahi kumuuliza kama anafikiria kufa? Muulize waziwazi, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na ndiyo safari ya hospitali hiyo.

Sasa ugomvi wenu wa nyumbani. Dawa na vikao havigombei kazi moja. Nimekaa na watu walio juu miaka mingi: unamwambia sentensi moja anakurudishia ishirini, na ya ishirini na moja anakuambia wewe ndiye mgonjwa. Hakuna mshauri duniani atakayemshusha mtu huyo kwa maneno. Dawa inamshusha. Lakini dawa haitamkumbusha kwamba kila akikosa usingizi usiku mbili mfululizo mambo huanza, haitalipa deni la pikipiki ya jirani, wala haitampa uso wa kuingia kanisani baada ya ahadi ya mabati. Hiyo ni kazi ya vikao.

Na vikao vyenyewe si kulala kwenye kochi kusimulia utoto. Katika baipola, kikao kizuri kinafanana zaidi na kupanga safari ya mlimani, na hili umwambie hivyohivyo, atalielewa. Wanakaa na kuandika: dalili zake za kwanza ni zipi? Kwake yeye nadhani ni simu za usiku, kuimba, kuahidi. Nani nyumbani ana ruhusa ya kumwambia "umeanza", na yeye amekubali kabla kwamba akiambiwa hivyo ataenda kliniki bila ubishi? Kadi ya benki inakaa kwa nani? Kuna kanuni ambayo washauri wengi wanaitumia na mimi naipenda: ununuzi wowote mkubwa unasubiri saa 48 na usiku mbili za kulala, na lazima watu wawili waukubali. Mpango huo uandikwe akiwa mzima, atie sahihi. Akiwa juu hatasaini kitu. Halafu kuna ratiba: saa ya kulala, ya kuamka, ya kula, ya kuonana na watu. Huko Pittsburgh, Marekani, mwanasaikolojia Ellen Frank na wenzake walijenga tiba nzima juu ya ratiba hiyo, kwa sababu usingizi ukivurugika baipola huingilia hapo. Ninyi familia nanyi mwombe kikao chenu. Kuna tiba ya kifamilia kwa ugonjwa huu, na sehemu kubwa ni kufundishwa kutofautisha tabia na ugonjwa, ili mama asimwite mvivu akiwa chini wala shemeji asimwite jeuri akiwa juu.

Shemeji mwambie hivi kwa upole: anayedharau vikao na amtafutie mgonjwa dawa inayofundisha kupanga bajeti. Au usimwambie kwa upole.

Mama asiache kuomba. Aombe, tena aombe wakati anammiminia maji ya kumezea. Wachungaji wengi wa huku ninaowafahamu hawana ugomvi na kidonge. Ugomvi unaletwa na waumini. Nendeni kwa mchungaji wenu mkamweleze kwamba ule ushuhuda ulikuwa ugonjwa, asije akamwita tena madhabahuni.

Kurudi mlimani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa kliniki huwaambia wagonjwa "endelea na kazi" bila kujua kazi ni ipi. Usiku wa kileleni mnaamshwa saa tano, saa sita usiku mnaanza kupanda, mnafika mita 5,895 jua likichomoza, mnashuka siku hiyohiyo mpaka kambi ya chini. Huo ni usiku mzima bila usingizi, na mwongozaji katika msimu anafanya hivyo safari kwa safari. Kwa mgonjwa wa baipola, kukosa usingizi ni njiti karibu na petroli.

Kisha lithiamu yenyewe. Mwili unaishughulikia kama chumvi. Akitoka jasho jingi, akaharisha, akashindwa kunywa maji ya kutosha, figo zinaishikilia na kiwango kinapanda kwenye damu. Magoti yakiuma wakati wa kushuka, waongozaji na wagumu humeza nini? Diklofenaki au ibuprofeni, tena wanagawana mfukoni kama karanga. Hizo zote mbili zinapandisha lithiamu. Maumivu yake ni parasetamoli, na kila duka la dawa atakaloingia aseme kwanza "natumia lithiamu". Halafu kuna Diamox, ile ambayo watalii humeza kwa ajili ya urefu. Hiyo inafanya kinyume, inaitoa lithiamu kwa mkojo, kiwango kinashuka. Kwa hiyo mlimani anaweza kuzidiwa au kupungukiwa, na maabara iko chini siku mbili. Usisahau pia kwamba nyuma yake kuna wageni na wapagazi wanaomtegemea kuamua nani ashushwe.

Kwa hiyo msimu huu, hapana. Si mimi wa kutoa amri, daktari wake ndiye, lakini nikiulizwa nitasema hapana, na msimu ujao tuone. Hapana hiyo haimaanishi akae ndani. Kuna watalii wanaotaka maporomoko ya Materuni na kahawa ya Uru, kuna matembezi ya siku moja Marangu, kuna Ziwa Chala. Ni kazi ya mchana, jioni yuko kitandani kwake. Pesa ni ndogo kuliko ya kileleni, najua. Mwambie amueleze daktari safari yote ya mlima saa kwa saa, kama nilivyoandika, kisha waamue pamoja. Na swali ambalo hukuuliza ila naliona: ni ya maisha? Kwa aliyekwisha panda juu zaidi ya mara moja, matibabu huwa ya miaka, na kwa wengi ni ya moja kwa moja. Afadhali alisikie sasa.

Siku ya kumi sioni kitu

Sista, habari za kazi. Nauza mitumba Memorial hapa Moshi, nina miaka 31. Mama yangu alifariki mwaka jana, na tangu hapo tumegombana na kaka zangu juu ya kihamba, shamba letu la ukoo, hatusalimiani. Niliacha kula, nalia sokoni mbele ya wateja. Daktari ameniandikia fluoksetini, dawa ya sonona. Leo siku ya kumi: kichefuchefu tu, moyo unaenda mbio, huzuni iko palepale. Jirani yangu wa meza anasema nitakuwa teja. Niache?

*Muuza mitumba*

Usiache. Umezimeza siku za ubaya tupu, siku za faida bado. Dawa hizi zinaleta kero kwanza na nafuu baadaye. Kichefuchefu kwa kawaida kinaisha ndani ya wiki moja au mbili, na huzuni huanza kulegea kati ya wiki ya pili na ya nne. Daktari atahukumu kama inakufaa karibu na wiki ya sita. Meza asubuhi na chakula, hata kama ni kikombe cha uji, usimeze usiku ikakunyima usingizi. Kitu kimoja tu kitakachonifanya nikwambie urudi leo badala ya siku ya miadi: ukianza kuhangaika usiweze kukaa, au mawazo ya kufa yakaja au yakaongezeka. Hilo hutokea kwa baadhi ya watu wiki za mwanzo, zaidi vijana. Na kama katika ukoo wenu kuna mtu mwenye historia kama ya mdogo wake Dada wa Sakina hapo juu, mwambie daktari.

Jirani yako anachanganya na vidonge vya usingizi kama diazepamu, ambavyo kweli vinamfunga mtu. Fluoksetini hutaitamani wala hutaongeza dozi kila mwezi. Ila utakapopona utaendelea nayo angalau miezi sita, na kuacha kutafanywa taratibu chini ya daktari.

Lakini nakuambia ukweli, kidonge hakitagawa kihamba. Una msiba ambao hukuulilia vizuri kwa sababu kesi ya shamba iliingia kabla ya arobaini kuisha, na una kaka ambao ndio watu pekee wanaomkumbuka mama kama wewe. Kuna tiba ya mazungumzo inayoshughulika na mambo hayohayo: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko ya maisha. Ilijaribiwa vijijini Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikaa kwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Hawakuwa madaktari. Dalili zilishuka sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi. Kwa hiyo usisubiri mwanasaikolojia mwenye ofisi ya zulia. Uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya Mawenzi au ya KCMC kama kuna muuguzi au ofisa ustawi wa jamii anayefanya vikao, na ukifika useme maneno haya: "Nimefiwa na nimegombana na ndugu zangu, nataka kuanzia hapo." Utawaokolea vikao viwili vya kuzungukazunguka.

Mbege moja tu

Shikamoo Sista. Natoka Kibosho. Natumia dawa za sonona, mwezi wa nne, naendelea vizuri. Desemba ukoo wote unakuja nyumbani. Kata moja ya mbege ina ubaya gani?

*Baba wawili*

Marahaba. Kata moja haina ubaya mkubwa. Ubaya wake ni kwamba sijawahi kumwona Mchaga wa Desemba aliyeishia kata moja. Pombe inavuruga usingizi na inarudisha huzuni siku ya pili, na baadhi ya dawa zikichanganywa nayo zinakulaza kwenye migomba. Uliza dawa yako ni ipi. Mpaka ujibiwe, kaa upande wa wazee wanaokunywa soda, nao wapo, na usiache dawa siku ya sikukuu ili "kuipisha" pombe. Hilo la kuipisha nalisikia kila mwaka.

Nataka mtoto

Sista, ninaishi Njiro. Nina baipola, natumia valproeti mwaka wa tatu na nimetulia. Nimeolewa mwezi wa sita na tunataka mtoto. Mume wangu anajua. Mama mkwe hajui. Kuna tatizo?

*Bibi harusi*

Lipo, na umefanya vyema kuuliza kabla. Valproeti ni dawa nzuri kwa baipola na ni mbaya kwa mimba. Kati ya watoto 10 waliokuwa tumboni mama akiimeza, karibu mmoja huzaliwa na ulemavu wa maumbile, na watatu au wanne hupata matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe.

Usiiache leo kwa hofu. Ukiitupa ghafla utapanda juu au kuanguka kabla hata mimba haijaingia. Endelea na uzazi wa mpango, na uende wiki hii kwa daktari wa magonjwa ya akili, si kwa duka la dawa, umwambie unataka kubadilishiwa kwa sababu ya mtoto. Kubadilisha kunachukua miezi, inapunguzwa huku nyingine ikipandishwa. Asikubadilishie kienyeji kwenda karbamazepini, kwani nayo ina hatari zake kwa mimba na tena inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ukashika mimba katikati ya mabadiliko. Ukikosa siku zako kabla ya hapo, nenda siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Muulize pia kuhusu foliki asidi, ambayo huanzwa kabla ya mimba.

Mama mkwe si lazima ajue jina la ugonjwa. Lakini wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya kurudi kwa baipola, na usingizi ndio utakaokosekana. Mtu wa kuamka na mtoto usiku atahitajika, na nadhani ni yeye. Mume wako aanze kumzoesha wazo hilo sasa.